Kwa anayepanga kwenda kuvua na kreti ya bia: huyo nahodha msimpe hata tone

Wee, usithubutu. Nimesoma mpango wenu wa Desemba ulioweka hapa jukwaani: binamu watano, boti ya kukodi pale Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria huku Kisumu, kreti mbili za bia, na "kali kidogo ya kutoa baridi ya asubuhi". Ukauliza kama ni sawa kunywa mkivua, ukauliza chambo cha mbuta (sangara), ukauliza mambo ya leseni, halafu ukamalizia kwa kasentensi kadogo kana kwamba si kitu: "Nahodha naye tutampoza koo asituzungushe." Hapo ndipo chai iliponipalia.

Waliotangulia kukujibu hapo juu wamekusomea mahubiri ya bia zenu. Mimi bia zenu hazinikoseshi usingizi, tutazifikia. Ninayemwogopa ni huyo nahodha mnayetaka kumpoza koo, kwa sababu sisi wetu tulimpoza vizuri sana.

Kazini kwetu kulikuwa na mzee mmoja, mvuvi mashuhuri wa mdomo. Kila Jumatatu alikuwa na mbuta mpya aliyemvua Jumamosi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona mwiba wake. Tuliposema tunataka kwenda ziwani, akatuketisha kama maharusi wanaofundwa. Nahodha wa huku, akasema, hapewi pesa peke yake. Mtilieni kachupa mkononi mapema, atawapeleka mahali mbuta wanapolala. Mkimnyima, atawatembeza kwenye maji matupu mpaka petroli iishe. Nikaona hapa nimepata siri ya wenyeji. Siku ya safari ikafika, mzee hakuonekana. Ati mgongo. Mgongo huo uliomlaza Jumamosi alfajiri ulikuwa umeshapona Jumapili, maana alionekana kanisani akibeba viti.

Basi, kachupa nikakatoa mimi. Hata ufuo ulikuwa bado unaonekana nyuma yetu. Jina la ufuo nimeliacha makusudi, wale watu hawakunikosea lolote. Ni upande huu wa ghuba ya Winam, na tulikuwa tumelenga maji yaliyo kati ya Kisumu na kisiwa cha Ndere.

Na kwa haki yake, samaki tuliwapata. Shemeji yangu alitoa ngege (tilapia) wa kujaza sahani, baadaye akamnasa mbuta. Yule mbuta hakuwa mkubwa, lakini kwa simulizi za shemeji siku hizi anakaribia kilo ishirini na bado anakula vizuri. Tulishangilia, tukapitisha kachupa nyuma tena. Nahodha alikuwa akiimba. Hakuyumba, hakukwama neno, macho hayakuwa mekundu. Ningeulizwa wakati ule ningeapa kwamba yuko sawa.

Hebu tulia hapo kidogo, maana hapo ndipo mtakapokwama na nyinyi. Mlevi wa nchi kavu mnamjua kwa kutembea. Nahodha hatembei. Amekaa, mkono kwenye usukani wa injini, kazi yake ni kuzungusha kishikio tu. Pombe humwondolea busara mtu kabla haijamwondolea miguu, na huyu miguu yake hamwezi kuiona ikifanya kazi hadi mrudi ufuoni. Kwa hiyo hayo mazungumzo ya "tutamwangalia, akizidi tutamwambia" yaacheni. Mtamwangalia wapi?

Jua likaanza kuinama. Shemeji, aliyekuwa amefanya mazungumzo marefu na bia, akasimama ukingoni kujisaidia. Majaketi ya kuokoa maisha yalikuwapo, sikatai. Tulikuwa tumeyakalia, mbao za boti ni ngumu. Mbele yetu likatokea pande la magugu maji, kijani tupu, limekuja na upepo wa mchana ule unaotoka ziwani kuelekea mjini. Jambo la kufanya lilikuwa kupunguza mwendo. Nahodha akazungusha kishikio upande usio wake.

Boti iliruka, shemeji akaenda na kopo mkononi.

Hayo ya kuanguka ni ajali ya kawaida, watu huanguka na kutolewa. Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike haya usiku huu badala ya kulala. Anayemfuata mtu majini humwendea polepole, na kabla hajamfikia huzima injini, ili yule mtu avutwe kwa ubavu wa boti huku propela imetulia. Kila nahodha anajua hilo, hata wetu alilijua asubuhi. Jioni ile alikata kona kali kwa mwendo ule ule, akiita "nakuja, nakuja!" kwa furaha ya mtu anayeokoa, na nyuma ya boti ikafagia moja kwa moja kuelekea kichwa cha shemeji. Niliiona ile povu nyeupe ya propela ikimsogelea. Sisi tulikuwa tunapiga kelele, naye akadhani tunamhimiza.

Injini ikakohoa, ikazima. Magugu yalikuwa yameingia kwenye propela yakaifunga nyuzi nyuzi, umbali wa kasia moja kutoka alipokuwa shemeji. Gugu maji limetesa ziwa hili tangu miaka ya 1990, limefunga fuo, limekwamisha wavuvi, na kila mwanasiasa ameahidi kuling'oa. Mimi kulitukana nimeacha.

Tukamvuta shemeji kwa kasia na mkanda wa suruali. Alipanda na kopo lake bado mkononi. Nilipomuuliza kwa nini hakuliachilia, akasema alikuwa amelilipia.

Mngedhani yameisha. Nahodha, kwa aibu, akainamisha injini ili atoe magugu. Zile skrubu za kuibana kwenye ubao wa nyuma alikuwa hajazikaza, na kamba ya akiba, ile inayofungwa ili injini ikitoka isiende mbali, ilikuwa imekunjwa vizuri chini ya miguu yake. Injini ikateleza. Ikatoa mapovu machache, basi, ikaenda kukaa na samaki kamongo matopeni.

Tulibaki tumezungukwa na magugu, makasia mawili, giza linaingia. Upepo wa mchana ukafa, ukaja ule wa usiku unaotoka nchi kavu kwenda ziwani, na radi zikaanza kumulika kwa mbali kule kwenye maji makubwa. Waliotuona ni wavuvi wa omena, hao dagaa wa ziwani, waliokuwa wanatoka na taa zao. Nasikia kuna jamaa hapo juu ameandika kwamba wavuvi wote wa ziwani wanakunywa, kwa hiyo si hoja. Kaka, waliotuvuta walikuwa na thermos ya chai. Sisemi fuoni hakuna chang'aa, ningekuwa mwongo. Lakini mtu anayekesha kazini na taa na nyavu katikati ya giza, na watoto wanamngoja, unywaji wake huusogeza hadi samaki wawe wameuzwa.

Ufuoni tulikuta wazee wa BMU, kamati inayosimamia ufuo, wametukalia kikao. Injini haikuwa ya nahodha. Ilikuwa ya mama mmoja anayekodisha boti, na mkopo wa chama ulikuwa bado haujaisha. Nilidhani swali la kwanza litakuwa nani alikuwa anaendesha. La hasha. Mwenyekiti aliuliza: "Pombe alipewa na nani?" Boti nzima ikageuka ikaniangalia mimi, shemeji akiwa wa kwanza, na maji yakimdondoka.

Nikalipa. Bei ya injini mpya ulizeni wenyewe, mimi nikiitaja tumbo linauma. Na yule mama hakunigombeza hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alinipa tu chai na kuniuliza kama huyo shemeji amekauka.

Jumatatu nikamwendea mzee wa mgongo. Unajua alivyojibu? "Mlimpa nyingi. Mimi nilisema kachupa." Kachupa! Kachupa ni kipimo cha wapi? Mtu anakupa ushauri wa kuua watu, halafu mambo yakiharibika anakuonyesha kwamba hukusoma maandishi madogo. Na bado anawashauri wengine, nimemsikia. Huenda hata wewe kasentensi kako umekatoa kwake.

Kwa hiyo msimpe. Si kidogo, si bia moja, si "mwisho wa safari tukiwa karibu", maana karibu ndiko kuna miamba na nyavu za watu na viboko. Shukrani yake mpeni kwa pesa, muongezeeni hata zaidi ya mlivyopatana, mpeni samaki, lakini mkiwa mmeshuka na boti imefungwa. Bei mwelewane mbele ya mwenye boti, na mbele yake huyo mseme kwamba pombe hakuna. Asubuhi msalimie nahodha kwa karibu, umshike mkono, umuulize habari za nyumbani, na pua ikifanya kazi yake. Akinuka jana, tafuteni mwingine, hata kama mtachelewa. Kuna kamba fupi hivi, huunganishwa na injini na kufungwa kwenye mkono wa nahodha, akianguka injini inazima yenyewe. Mwambie aifunge mkiwa mnaiangalia. Atakucheka. Mwache acheke.

Nyinyi abiria sasa. Yule aliyesema kali hutoa baridi, amechanganya kuhisi joto na kuwa na joto. Pombe huifungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, joto likatoka nje likaenda zake. Unahisi moto huku mwili unapoa, na ukiwa umelowa na upepo wa usiku umeanza, utatetemeka hata hapa penye ikweta. Pia hukojozesha, ndiyo maana shemeji alisimama ukingoni pale ambapo wenye akili wameketi. Na inacheza na sikio la ndani, lile linalokupa mizani, kiasi kwamba ukizama unaweza kukosa kujua juu ni wapi. Sheria ya Mututho yenyewe, ile ya 2010 ya kudhibiti pombe, na Mututho alikuwa mbunge wa Naivasha, mtu wa karibu na maji, hairuhusu baa kufunguliwa kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi. Nyinyi mnataka kuanza saa kumi na mbili asubuhi juu ya mbao zinazotikisika. Acheni kreti kwa mama wa samaki, awawekee kwenye baridi, mrudi mkanywe na samaki wa kukaanga na ugali, viti vimesimama. Dereva wa kuwarudisha naye asiguse, alkoblo, kile kipimo cha polisi cha pombe kwenye pumzi, haina habari na mbuta wenu.

Chambo umeuliza kitu, nadhani. Kitu chochote kilicho hai, wengine watakwambia.

Lakini nahodha, jameni. Na mkimpata huyo mmoja anayeiona Tusker ya bure ikitoka kwenye barafu na anakataa, nitajie ni ufuo gani. Nina safari ya Pasaka, na shemeji ameshanunua ndoano.