Maswali ya Wasomaji: Piano kuukuu, kazi ianzie wapi?

SWALI: Tumeachiwa piano kubwa ya kulala, ile ya miguu mitatu, yenye umri wa zaidi ya miaka mia. Imekaa stoo muda mrefu. Sauti zimeshuka, baadhi zinapotea siku mbili tu baada ya kutuniwa. Seremala wetu anataka kuanza kwa kukwangua vanishi ya zamani. Je, tumruhusu?

JIBU: Asubiri. Vanishi ina zamu yake: inapigwa wakati nyuzi na fremu ya chuma inayozibeba zimekwisha kutolewa, kabla ya nyuzi mpya kufungwa. Mkianza nayo mtakuwa mmepamba sanduku ambalo huenda halifai kutengenezwa.

Mmeitaja wenyewe dalili kubwa: sauti haikai. Piano ya namna hii ina nyuzi zipatazo 230, na kila mmoja unavutwa kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Ukijumlisha unapata tani 15 na kuendelea. Mzigo wote huo unashikwa na pini za chuma zilizopigiliwa kwenye ubao mgumu uliofichwa chini ya fremu, na kinachozuia pini isirudi nyuma ni msuguano wa mbao peke yake. Hakuna nati wala skrubu. Mbao ikikauka ikapasuka, tundu linapanuka na pini inajilegeza yenyewe.

Kwa hiyo tafuteni spana ya kutunia inayopima nguvu ya kuigeuza pini. Jaribuni pini nyingi, za besi, za katikati na za juu, maana ubao hauchakai sawasawa. Pini inayogeuka kwa chini ya nyutoni-mita 5 imechoka. Kazi mpya hufika 10 au kuzidi. Zikiwa chache zilizolegea, zing'olewe na kuwekwa nene kidogo: ya milimita 7.1 hivi inafuatwa na ya 7.25, kisha 7.4. Lakini ufa ukiwa umetoka tundu hadi tundu, pini nene itaupanua tu. Hapo ni ubao mpya, na hiyo ndiyo kazi ghali kuliko zote.

Baada ya hapo mulikeni fremu kwa tochi, hasa kwenye mihimili yake na kuzunguka boliti. Chuma cha kusubu hakipindi, kinakatika. Fremu ikiwa na ufa, kwa kawaida safari inaishia hapo.

Ubao wa sauti, ule mwembamba ulio chini ya nyuzi, huwatisha watu bure. Nyufa zake si kifo. Kinacholeta mlio wa kukwaruza ni ubao kuachana na mbavu zake za chini, na mbavu zinaweza kugandishwa tena. La muhimu ni kama ubao bado una mgongo, yaani umebinuka kidogo kuelekea nyuzi. Lala chini ya piano, vuta uzi wa kushonea kutoka ncha moja ya ubavu mrefu hadi nyingine. Uzi usipogusa katikati, ukaacha mwanya hata wa milimita moja au mbili, mgongo upo.

SWALI: Vibonyezo vinashuka na kubaki chini, hasa hewa ikiwa na unyevu. Nilipuliza mafuta ya kopo, vikafanya kazi wiki moja kisha vikawa vibaya zaidi.

JIBU: Mafuta hayo ndiyo yanayokuadhibu sasa. Ndani ya mtambo wa nyundo, zile zinazogonga nyuzi ukibonyeza, kila kiungo kina kipini chembamba, mara nyingi cha milimita 1.27, kinachozunguka ndani ya kitambaa cha sufu. Mafuta yanakusanya vumbi, na vumbi likichanganyika nayo linakuwa kama ulimbo.

Kwanza jua kilichokwama ni nini. Inua nyundo kwa kidole huku kibonyezo kikiwa chini. Ikianguka upesi, kosa liko kwenye kibonyezo: kitambaa cha tundu lake kimevimba, kinahitaji kubanwa taratibu kwa koleo lake maalumu, na pini inayopita hapo ising'arishwe kwa msasa bali kwa kitambaa. Nyundo ikishuka kwa uvivu, kosa ni kiungo. Nyundo iliyo huru, ukiining'iniza, hubembea mara tano au sita ndipo itulie. Ukiona utando wa kijani kwenye vipini, usihangaike kuusafisha. Shaba imeshachanganyika na mafuta ya zamani hadi ndani ya kitambaa, na utarudi. Badilisha kiungo kizima.

Tahadhari moja unapouvuta mtambo nje kama droo: usiguse kibonyezo hata kimoja. Kikishuka, nyundo yake inainuka, inakwama chini ya ubao wa pini, na mpini unakatika. Unasikia "tak", basi tena.

SWALI: Piano yetu iko chini kwa zaidi ya nusu sauti, na nyuzi zina kutu. Naweza kuipandisha hadi La ya 440, yaani noti ya La yenye mitetemo 440 kwa sekunde, kwa siku moja?

JIBU: Ukitaka kukata nyuzi, ndiyo. Mvuto wa uzi hupanda kwa kipeo cha pili cha idadi ya mitetemo ya sauti, hivyo nusu sauti moja tu inaongeza mvuto kwa asilimia 12. Kwenye mzigo wa tani 17 hizo ni tani mbili nzima juu ya fremu ya kizee. Kutu iliyoko juu juu si neno. Ile iliyokula uzi pale unapojikunja kwenye pini ndiyo inayokata.

Nyuzi zikiwa nzima, ipandishe kwa awamu, iache itulie, kisha uituni upya. Na kama piano haichezwi pamoja na ala nyingine, iache chini kidogo ya 440. Ufaransa ilipanga 435 mwaka 1859, na vyombo vingi vya zamani vilijengwa kwa kipimo hicho.

Ukiamua kubadilisha nyuzi, zilegeze kwa mizunguko, kila pini kidogo kidogo, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kutoa upande mmoja wote kwanza kunapindisha mzigo, na chuma cha kusubu hakisamehi. Pima unene wa kila uzi kwa maikromita kabla ya kuutupa. Zile za besi zilizozungushiwa shaba nyekundu zitunze zote kwa mpangilio, maana msokotaji atazinakili. Uzi mpya uzunguke pini mara tatu, mizunguko ikibanana. Kisha jiandae kutuni mara kadhaa miezi ya mwanzo. Chuma kipya kinatanuka.

SWALI: Nyundo zimechimbwa mifereji na nyuzi. Ni lazima ninunue mpya?

JIBU: Si lazima. Piga msasa kutoka begani kwenda kileleni, tabaka kwa tabaka, ukilinda umbo la yai. Nyundo za juu kabisa zikikaribia kuonyesha mbao, acha. Halafu pima upya, kwa sababu nyundo sasa ni fupi: kutoka kileleni hadi kwenye uzi iwe milimita 45 hivi, kibonyezo kishuke milimita 10, na mtambo uiachie nyundo ikiwa imebakiza milimita 1.5 kuufikia uzi kwa nyuzi nyembamba, hadi 3 kwa besi.

SWALI: Vibonyezo vya pembe vimegeuka njano. Nivisafisheje?

JIBU: Kitambaa chenye unyevu kidogo, vibonyezo vichache kwa wakati mmoja, ukaushe papo hapo. Maji yakipenya yanaachisha gundi. Unjano unaletwa na giza, hivyo ukiacha kifuniko wazi unapungua. Na kama ni pembe za ndovu kweli, usiivushe piano mpaka bila kuuliza kwanza: mkataba wa CITES, wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unabana biashara yake, na kibali huombwa kabla ya kusafirisha.