Antena ya kauri imepanda masafa: tazama chini yake kwanza

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Kwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho nimetengeneza antena ya risoneta ya dielektriki: silinda ya alumina (εr, yaani kipimo cha uwezo wa kauri kuhifadhi uga wa umeme kulinganisha na hewa, ni 10), nusukipenyo milimita 6.83 na kimo hichohicho. Imekaa juu ya bamba la shaba na inalishwa kwa pini ya koaksi ubavuni. Hesabu inanipa gigahezi 5.8, programu ya kuigiza antena nayo inakubali, ila VNA (kifaa cha kupimia antena) inaonyesha 6.1. Mwenzangu ananishauri nihamie kauri ya εr 38, eti masafa yatashuka na antena itakuwa ndogo. Nimsikilize?

JIBU: Usinunue kauri nyingine bado. Nimerudia hesabu yako kwa fomula ya kawaida ya modi ya HE11δ, yaani namna ya mtetemo wa mawimbi ambayo silinda yako inatumia:

k₀a = 6.324/√(εr+2) × [0.27 + 0.36(a/2h) + 0.02(a/2h)²]

Hapa a ni nusukipenyo, h ni kimo, na k₀ ni 2π mara masafa, gawanya kwa kasi ya mwanga. Nami nimepata 5.8 hiyohiyo. Lakini fomula hii huchukulia kwamba kauri imegusa shaba kila mahali, na yako nashuku haijagusa.

Katika modi hii, uga wa umeme karibu na bamba husimama wima. Ukitoka kwenye kauri na kuingia hewani unakuwa mkubwa mara εr, yaani mara 10 kwako. Ndiyo maana utando wa hewa usioonekana kwa macho unaweza kuvuruga kila kitu. Chukulia kauri na hewa kuwa kapasita mbili zilizounganishwa mfuatano: mwanya wa milimita 0.1 unashusha εr ya jumla hadi kama 8.9, na masafa yanapanda hadi karibu 6.1. Ni makadirio ya haraka tu, lakini yameangukia palepale ulipo. Weka tabaka hilo la hewa kwenye modeli yako uone.

Mwanya unatoka wapi? Mshukiwa wangu wa kwanza ni kichuguu cha lehemu kwenye shina la pini. Kipo ukingoni kabisa mwa silinda, kwa hiyo kinaiinua upande mmoja. Kisawazishe, au panua tundu ili lehemu izame. Angalia pia kama bamba limepinda. Kisha gandisha kauri kwa gundi nyembamba sana. Hata gundi ina unene, ila εr ya 3 hivi ni afadhali mno kuliko hewa. Ubavuni, bandika utepe mwembamba wa shaba kwenye kauri yenyewe na uulehemu kwenye pini, usitegemee pini iliyoegemea tu.

Sasa hiyo εr 38. Nusukipenyo kingeshuka hadi milimita 3.7 hivi, kweli, lakini mwanya uleule wa 0.1 ungeisukuma antena hadi karibu gigahezi 8! Tena Q (kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo bendi inavyokuwa nyembamba) hukua takribani kwa εr^1.3, kwa hiyo upana wa bendi ungebaki chini ya moja ya tano ya ulio nao. Kauri za namna hiyo zilizoeleka kwenye vichujio, zikiwa zimefungiwa ndani ya masanduku ya chuma zisivujishe mawimbi. Ni mwaka 1983 ambapo watafiti Long, McAllister na Shen walichapisha utafiti wa silinda iliyoachwa wazi ili irushe. Mimi εr kubwa naitumia pale tu nafasi inapobana kwelikweli.

Ukishaziba mwanya, rekebisha ulinganifu wa antena na waya wa koaksi kwa kupunguza urefu wa utepe, kidogo kidogo. Kauri yenyewe iguse mwisho: ukiisaga juu kwa almasi masafa yanapanda, na hakuna namna ya kuyarudisha. Awamu ijayo agiza silinda yenye kimo kilichozidi kidogo.