Kupima Nguvu ya Kadi Moja ya Magic Kabla Hujaiagiza

Pakiti za Magic: The Gathering, mchezo wa kadi ambao kila mchezaji hujiundia fungu lake, huzikuti katika maduka ya kawaida ya Arusha wala Moshi. Kadi huagizwa nje au huja na ndugu anayerudi nyumbani, na gharama ya usafiri inaongezeka juu ya bei. Ndiyo maana mchezaji mpya wa huku anapaswa kujua mapema kuipima kadi moja moja. Wengi husoma maandishi yake wakawaza mchezo ule ambao kila kitu kimekaa sawa, wakaipenda. Mchezo huo hutokea kwa nadra. Jiulize hivi: nikitoa kadi fulani kwenye fungu langu nikaingiza hii, kazi ile itafanyika mara nyingi zaidi, au mapema zaidi, au kwa mana chache zaidi (mana ni nguvu ya kulipia kadi, inayotolewa hasa na kadi za ardhi)? Kama huwezi kuitaja kadi itakayotoka, hujaanza kupima.

Tunazungumzia fungu la kadi 60, mwisho nakala nne za kadi moja, kadi saba mkononi mwanzoni na pointi 20 za uhai.

Toleo la kwanza la mchezo huu, la mwaka 1993, lina kadi tano ambazo kila mgeni azitazame pamoja. Kila rangi ina moja, zote zinalipiwa mana moja, na zote zinatoa tatu ya kitu. Healing Salve inakupa pointi tatu za uhai au inazuia madhara matatu. Giant Growth inamwongezea kiumbe, yaani kadi inayobaki mezani kupigana, nguvu tatu (madhara anayopiga) na ugumu tatu (madhara ya kumuua) mpaka mwisho wa zamu. Dark Ritual inatoa mana tatu nyeusi. Lightning Bolt inapiga madhara matatu kwa kiumbe au kwa mchezaji. Ancestral Recall inavutisha kadi tatu. Kwenye karatasi zinafanana, mezani zimeachana mbali kabisa.

Healing Salve ndiyo dhaifu, kwa sababu kiumbe anayekupiga bado yuko pale pale. Umetumia kadi nzima kuahirisha tatizo kwa zamu moja. Giant Growth ina kasoro nyingine: haifanyi kitu mpaka uwe na kiumbe. Tena mpinzani akimuua kiumbe huyo wakati kadi yako inasubiri kutekelezwa, umepoteza kadi mbili naye ametoa moja. Dark Ritual ni kali zamu ya kwanza ikiwa una kitu kizito cha kushusha, lakini ukiivuta zamu ya nane huku mkono mtupu, haina kazi. Lightning Bolt haisubiri chochote. Inaua kiumbe aliyelipiwa mana mbili au tatu, na hapo umebadilishana kadi kwa kadi huku mana zikikubakia. Asipokuwepo wa kuua, inampiga mpinzani mwenyewe. Ancestral Recall inajirudisha yenyewe na kukuongezea kadi mbili kwa mana moja tu. Leo katika mashindano inaruhusiwa kwenye mfumo wa Vintage peke yake, nakala moja; mfumo ni aina ya mchezo yenye kanuni zake na orodha yake ya kadi zinazoruhusiwa.

Bei ya mana nayo isome kwa kulinganisha kadi na ndugu zake. Shock inalipiwa mana moja na kupiga mbili. Lightning Strike inapiga tatu kwa mana mbili. Tofauti ya mana moja inaonekana ndogo mpaka uhesabu zamu ya tatu, yenye mana tatu: mwenye Bolt anaua kiumbe na bado ana mana mbili za kushusha wake, mwenye Strike amebakiwa na moja. Divination, yaani kadi mbili kwa mana tatu, ni kipimo chema kwa kadi yoyote ya kuvuta. Ukiona mpya inayotoza zaidi kwa kadi mbili zile zile, itafute faida ya ziada, na isipokuwepo iache.

Sasa hesabu, na hapa tunawaomba msiruke. Ukiwa na nakala nne kati ya kadi 60, uwezekano wa kuwa na angalau moja katika zile saba za mwanzo ni kama asilimia 40. Ukianza wewe, kufikia zamu ya nne umeona kadi 10, na uwezekano unafika asilimia 53 hivi. Kwa hiyo kadi inayohitaji kadi nyingine maalumu ili ifanye kazi ina mzigo mkubwa: hata ukiweka nne za kila moja, kuwa nazo zote mbili ndani ya kadi 10 ni kama asilimia 27 tu. Kadi za ardhi nazo zina hesabu yake. Ukiwa na ardhi 24, kuwa na nne au zaidi kufikia zamu hiyo ya nne ni kama mara 63 katika 100. Kadi ya mana nne, basi, itakwama mkononi zaidi ya mara moja katika kila michezo mitatu, hata ukiwa umeivuta kwa wakati. Ya mana sita lazima ibadilishe meza nzima ndipo istahili nafasi.

Kisha ipime kadi katika hali tatu: ukiwa mbele, mkiwa sawa, ukiwa umezidiwa. Kadi inayosaidia ukiwa mbele tu huwadanganya wengi, kwa sababu utaikumbuka kwenye michezo uliyokuwa unashinda hata bila yake. Ipe uzito mkubwa zaidi hali ya pili na ya tatu.

Kabla ya kuagiza, ijaribu kwa karatasi. Kadi ya Magic ni milimita 63 kwa 88, na ukurasa wa A4 unatosha tisa. Steshenari yoyote itakutolea nakala nyeusi na nyeupe, na maandishi yakisomeka inatosha. Kata, weka ndani ya kifuko cha kadi mbele ya karata ya kawaida ili isijikunje. Mashindano rasmi hayazipokei nakala hizi, hivyo zibaki kwenye mazoezi. Hata kama unataka kutumia moja, weka nne wakati wa majaribio ili uikute mara nyingi.

Kila unapoivuta, andika neno moja: imesaidia, imelala, au ningetaka ile niliyoitoa. Usihesabu ushindi peke yake. Shilingi ikirushwa mara 10, upande uliouchagua utatokea mara sita au zaidi kwa uwezekano wa karibu asilimia 38, kwa hiyo kushinda sita kati ya kumi hakujathibitisha kitu. Maandishi yako juu ya kadi yenyewe yanafundisha haraka zaidi.

Angalia pia unacheza na nani. Kundi la watu sita wanaokutana Moshi kila wiki wanajuana mafungu, na kadi inayomkomesha mmoja wao yaweza kuwa takataka ukifika Arusha, kilomita 80 tu. Kadi ya namna hiyo iweke kwenye zile 15 za akiba, zinazoingia baada ya mchezo wa kwanza. Mfumo nao hubadilisha kila kitu. Katika mfumo wa Commander mko kawaida wanne, kila mmoja ana pointi 40, na Lightning Bolt ikielekezwa kwa mchezaji inapunguza tatu kati ya 120 za wapinzani. Bei ya sokoni isikutishe wala kukuvuta, maana mara nyingi inapandishwa na uhaba na wakusanyaji. Na kabla ya kulipa, soma orodha ya kadi zinazoruhusiwa katika mfumo unaocheza.