Jibu: Masomo ya hisia hayatakula vipindi vya hesabu?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama kuwafundisha watoto wa darasa la tano kutuliza hasira na kusikilizana hakutakula vipindi vya hesabu, na mitihani ndiyo hiyo inakuja. Nakuelewa. Mkuu wa shule akitaka wastani upande, habari za hisia hataki kuzisikia.

Ila ushahidi upo. Mwaka 2011 mwanasaikolojia wa Marekani Joseph Durlak na wenzake walichapisha uchambuzi wa programu 213 za aina hii, zenye wanafunzi zaidi ya 270,000, wengi wao wa Marekani. Kimasomo walioshiriki waliwazidi wenzao: mtoto wa katikati darasani angepanda hadi kuwapita takriban 61 kati ya 100. Na waliofanikisha hilo walikuwa walimu wa kawaida, si wataalamu wa kuletwa.

Sasa, usitafute kipindi kipya kwenye ratiba. Fanya ndani ya hesabu yenyewe. Mtoto kakosea hesabu ya sehemu ubaoni, darasa zima linacheka. Usimrudishe kwenye dawati. Mwachie chaki, halafu mwulize mmoja wa waliocheka: hatua ipi mwenzako kapatia? Atalazimika kuangalia kazi ya mwenzake kwa makini, na aliyekosea atapata pa kuanzia upya. Dakika mbili hazifiki.

Fimbo pia iondoe mezani (najua wengine humu watanipinga). Mtoto anayeiona hapo hakwambii kwamba hajaelewa, na wewe unaendelea na mada ukidhani mko pamoja.