Muulize Mpambaji: Puto Lifike Mpaka Keki Ikatwe

SWALI: Dada, habari za kazi. Naishi Nkuhungu na watoto wawili. Nilikuwa na meza ya vitenge pale Majengo, nimeifunga kwa sababu ya kodi na mdogo bado ananyonya. Nilipamba bethidei ya mwanangu na kipaimara cha mtoto wa jirani, watu wakasifia sana. Nina laki tatu mkononi. Nataka kupamba kwa maputo nikiwa nyumbani, baadaye niongeze michezo ya watoto. Ninunue nini kwanza? Na bei napangaje, maana nikitaja 80,000 naambiwa kuna mtu anafanya kwa 40,000?
Mama wa Nkuhungu

JIBU: Mdogo wangu, laki tatu inatosha kuanzia. Kabla ya kuigusa, hebu tuongee kuhusu hewa ya hapa kwetu Dodoma, kwa sababu video nyingi za mafunzo zimerekodiwa kwenye kumbi zenye viyoyozi au nchi za baridi. Ukizifuata zilivyo, ukapamba uani Kisasa saa sita mchana, saa tisa utabaki na kamba tupu na mama mwenye shughuli kavimba mashavu.

Puto la kawaida linatokana na utomvu wa mti wa mpira, na utomvu huo haupatani na jua. Likikaa juani saa chache, mng'ao unapotea, linafifia kama lililomwagiwa vumbi, na ngozi yake inachoka. Wakati huohuo hewa iliyomo ndani inapata joto na kutanuka. Kwa hiyo puto la inchi 12 usilijaze inchi 12. Simamia kwenye 10 hivi. Liwe la mviringo, lisichongoke shingoni, na ukilibonyeza kwa kidole libonyee bila kulia. Kata tundu la duara kwenye boksi, pitisha kila puto humo, yote yatatoka saizi moja. Nyeusi, bluu iliyokolea na zambarau hunyonya joto na kupasuka kabla ya nyeupe na krimu. Mteja akitaka nyeusi na dhahabu nje mchana kweupe, mweleze mapema, na hizo nyeusi zipange upande wa kivuli.

Halafu kuna upepo wetu wa kiangazi, hasa kuanzia Juni mpaka Septemba. Stendi ya upinde isiyo na uzito chini itakwenda na upepo. Shona vifuko vya kitambaa, jaza mchanga, vilaze juu ya miguu ya stendi. Na miiba, mdogo wangu! Dodoma ni nchi ya migunga. Nikifika uwanjani kitu cha kwanza ni kufagia pale maputo yatakapogusa chini, kisha naangalia matawi yaliyoinama. Hata majani makavu ya ukoka yanatoboa. Tandika zulia au turubai chini ya upinde, usiache puto lilale kwenye nyasi.

Kipimo changu cha kazi ni kimoja: puto lifike mpaka keki ikatwe. Mteja ananunua ile saa ya picha. Sasa wewe unajua sherehe zetu. Kadi inasema saa tisa alasiri, bibi harusi anaingia saa moja usiku. Ukipokea kazi usiulize shughuli inaanza saa ngapi. Uliza keki inakatwa saa ngapi, wageni wanatoka kanisani au msikitini saa ngapi, na ukumbi unafunguliwa saa ngapi. Halafu rudi nyuma kutoka saa ya keki. Maputo ya ndani nayajaza usiku wa kuamkia shughuli, ya nje nayafunga jua likiwa limeshalegea.

Nyumbani unahitaji chumba kimoja tu kisicho na mwiba wala msumari ukutani, na mlango unaofungika. Huo mlango ni kwa ajili ya watoto wako. Kipande cha puto lililopasuka, au puto ambalo halijajazwa, linaweza kumkaba mtoto mpaka akafa. Pakiti nyingi zina onyo la watoto walio chini ya miaka 8. Kwa huyo anayenyonya, okota kila kipande kabla hujamruhusu atambae humo. Uwanjani pia okota vyote; mbuzi na ng'ombe wanaweza kuvila.

Sasa manunuzi. Pampu moja ya umeme yenye midomo miwili, na pampu mbili za mkono kwa ajili ya siku umeme utakapokatika, maana utakatika. Ya umeme inapata moto, ipumzishe. Stendi usinunue ya dukani ile nyepesi. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, mchoree upinde wa bomba unaofunguka vipande vitatu ili uingie kwenye bajaji. Pazia moja jeupe zito, ukanda wa kupangia maputo, gundi za nukta (vidoti vinavyonata pande zote mbili), mshipi wa kuvulia samaki, mkasi. Maputo nunua rangi nne zinazooana, ya inchi 5, 10 na 12, uyahifadhi gizani pasipo joto wala mafuta ya taa. Kariakoo bei ni nafuu, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024 mtu anakwenda asubuhi na kurudi jioni, lakini kwa mzigo mdogo nauli itakula unafuu wote. Anza na maduka ya hapa mjini. Hakikisha kama laki moja inabaki mkononi. Hiyo itakubeba pale kazi mbili zitakapokuja wiki moja na mwenye kazi ya kwanza hajamalizia.

Kusafirisha maputo yaliyojazwa, tafuta chandarua kikuukuu. Kinameza mafungu mengi, hakichomi, na kinafungwa juu ya kirikuu bila shida.

Ufundi wenyewe unaanza na fungu la manne. Funga mawili kwa shingo, funga mengine mawili, yapitanishe na kuyasokota katikati. Fungu moja juu ya jingine kwenye mti wa stendi, unapata nguzo. Nguzo ya mita moja na nusu inakula maputo 32 hivi. Upinde mnene wa kuchanganya saizi, huu unaopendwa siku hizi, unakula 40 mpaka 50 kwa kila mita. Ukiyashika haya mawili unaweza kuingia kazini. Mengine utajifunza ukiwa tayari unalipwa.

Tufike kwenye hizo 40,000. Chukua daftari tuandike wote. Upinde wa mita 3: maputo 135, ongeza 15 ya kupasuka, jumla 150. Tuseme pakiti ya 100 kwa wastani umeinunua 9,000, hapo ni 13,500. Ukanda na gundi 3,000. Bajaji kwenda na kurudi 10,000. Msaidizi 10,000. Umeshafika 36,500 na bado hujajilipa. Kujaza, kufunga, kusubiri na kubomoa ni saa tano. Kwa 40,000 umebaki na 3,500 kwa saa tano zote, na mtoto uliyemwacha kwa jirani. Jilipe hata 5,000 kwa saa, inakuwa 61,500. Weka 8,500 ya uchakavu wa stendi, pampu na pazia. Sabini elfu ndipo unapoanza kupata kitu cha kukuza biashara. 80,000 yako ilikuwa bei ya haki kabisa. Anayelia bei mpunguzie kazi: mpe nguzo mbili badala ya upinde. Ukimpa upinde uleule kwa bei ya chini, majirani zake wote watakuja na hiyo bei.

Pokea nusu kabla hujanunua hata pakiti moja, na iliyobaki ilipwe ukimaliza kufunga, wageni hawajaingia. Kwa harusi, usidili na bibi harusi wala mama yake. Muulize mweka hazina wa kamati, yeye ndiye anayejua michango imefikia wapi. Kikao cha mwisho cha kamati kikishavunjwa hakuna mtu wa kumdai, na mimi kuna kamati iliyoondoka na salio langu hivyohivyo.

Misimu nayo iandike ukutani. Kwaresma na Ramadhani harusi zinapungua. Miezi hiyo tegemea bethidei na ofisi. Aprili mpaka Juni Bunge la bajeti linajaza mji, kuna hafla nyingi za jioni. Agosti kuna Nanenane pale Nzuguni, mabanda yanataka kupendeza. Mahafali ya darasa la saba, kidato cha nne, chekechea na vyuo yanakufuata mpaka Desemba, na mahafali ndiyo kazi nzuri kwa anayeanza: uwanja mmoja, mlipaji mmoja, wazazi mia wanakuona.

TIN ni bure TRA, leseni utaipata Jiji. Andika kila mauzo, kwa sababu mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu hutozwa kodi pungufu kuliko asiye nazo. Mkipatana kina mama wa mtaani mkaunda kikundi, waulizeni maofisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya wanawake.

SWALI: Dada, mteja wangu hapa Mpwapwa anataka maputo yanayoelea. Kijana mmoja amesema atanitengenezea gesi kwa bei rahisi. Mwingine atayajaza Dar na kuniletea kwa gari. Nimchukue yupi?
Mpambaji, Mpwapwa

JIBU: Wote wawili waache. Gesi ya kutengenezwa mtaani ni haidrojeni, na haidrojeni inalipuka. Mshumaa mmoja wa keki unatosha kuunguza watoto walioizunguka meza. Usiipokee hata ukipewa bure. Inayotakiwa ni heliamu ya kwenye mtungi, kutoka kwa muuzaji wa gesi anayejulikana, na mtungi usimame umefungwa kwa mnyororo.

Huyo wa Dar naye, maputo yake yatakufia njiani. Dar iko usawa wa bahari, huku kwetu tuko juu kama mita elfu moja, na kadiri unavyopanda hewa ya nje inapungua msukumo. Puto la foili, lile la plastiki inayong'aa, lililojazwa mpaka likakaza kule litatanuka zaidi ya sehemu moja kwa kumi likifika huku, na mshono wake utaachia. Kama hakuna njia nyingine, yajazwe yakiwa na mikunjo.

Heliamu ni ghali, na hiyo inawaumiza wapambaji wengi ukizingatia tunayo chini ya miguu yetu: mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza hazina kubwa ya gesi hiyo bonde la Rukwa. Mpaka itufikie, uza kwa uangalifu. Puto la mpira la inchi 11 huelea saa 12 hadi 20 pakiwa na ubaridi, kwa joto letu hesabu pungufu. La foili hukaa siku kadhaa, ila usiliache kwenye gari lililofungwa juani, na usiliachie nje. Likigusa nyaya za umeme linaleta shoti. Na asiruhusiwe mtu kuvuta heliamu ili sauti iwe nyembamba. Inafukuza oksijeni mwilini, mtu anadondoka ghafla.

Mshawishi mteja wako achukue maputo matano ya foili juu ya meza ya keki, na mengine yote ya hewa ya kawaida yaning'inizwe darini kwa mshipi. Kwenye picha yanaonekana yanaelea.

SWALI: Shikamoo mama. Ninasoma UDOM, nimepanga Ng'ong'ona. Wikiendi nachezesha watoto kwenye bethidei, nasokota maputo ya mbwa na panga, nachora nyuso. Watoto wadogo wanalia wakiona kinyago changu, na wazazi wanataka nikae siku nzima kwa 20,000.
Mwanafunzi, Ng'ong'ona

JIBU: Marahaba mwanangu. Kinyago kivue. Ingia na uso wako, kaa chini mlingane kimo, anza kusokota bila kumwita mtu. Watakuja wenyewe. Kwa yale marefu, yenye unene wa inchi 2 na urefu wa inchi 60, acha mkia mtupu wa kutosha kabla ya kusokota, na huku kwetu uache mrefu zaidi ya unavyoonyeshwa kwenye video. Walio chini ya miaka mitatu usiwape mkononi, mpe mama amshikie.

Rangi za uso ziwe za uso, zinazotoka kwa maji. Rangi za maji za shuleni na za ukutani hazikutengenezwa kwa ngozi, zinaweza kuidhuru. Kila mtoto sifongo yake, na mwenye macho mekundu, mapunye au kidonda mchore mkononi kwa upole asijione ametengwa. Mwanzoni mwa 2024 tuliona macho mekundu yalivyosambaa nchini, brashi moja ingeweza kumaliza sherehe nzima.

Michezo usihangaike kuiga ya kwenye katuni. Kuvuta kamba, yai kwenye kijiko, viti na muziki, rede kwa wakubwa. Na wewe upo Ugogoni! Dodoma ndiko alikotoka Hukwe Zawose, aliyeupeleka muziki wa Wagogo duniani. Tafuta mwenzako anayepiga ilimba au zeze, mje naye nusu saa, watoto wacheze kwa mabega. Nimeona ukumbi wa Ilazo bibi zao wakiinuka kwenye viti, na wazazi waliokuwa kwenye simu wakaanza kurekodi. Hiyo hakuna mchezeshaji wa mjini atakayekunyang'anya.

Bei yako iwe ya saa mbili, na kila saa inayoongezeka iwe na bei yake, imeandikwa kwenye ujumbe wa simu kabla ya siku yenyewe. Usitoze kwa mtoto. Watakwambia watoto 15, na ukianza kusokota watoto wa mtaa mzima watakuwa wameshaingia getini, na hakuna atakayekuwa na moyo wa kuwatoa. Kwa hiyo beba maputo ya watoto 40, na gharama yake iwe tayari ndani ya bei.