Kabla Paneli Hazijapanda Paani, Omba Kuona Leseni ya Fundi

Nyumba yetu iko Kisauni, Mombasa. Sola tuliiweka kwa ajili ya friji: mamangu anatumia insulini, na stima ikipotea usiku wa joto la Februari hakuna anayelala. Kwa haraka hiyo nilimwita fundi aliyesifiwa na jirani. Kazi ikaisha kwa siku mbili, nikalipa. Nilipouliza habari za vibali, aliniambia hayo ni mambo ya viwanda.

Wiki ya tatu nikaona tokeni zinaisha Jumapili, siku ambayo hatushindi nyumbani, haraka kuliko siku ya kupiga pasi. Saa saba mchana nikazima kila kitu isipokuwa friji, nikasimama mbele ya mita. Kitaa chekundu kilikuwa kinapepesa mbio mbio. Umeme wa paani ulikuwa unatoka kwenda barabarani, na mita yangu, isiyotenganisha unaoingia na unaotoka, ikauhesabu wote kama nimeutumia mimi. Fundi hakuifunga ile klipu ya kupimia waya mkuu, inayoiambia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani) umeme unaelekea wapi, wala hakuiseti inveta isitoe umeme nje.

Pesa ziliniuma, lakini kilichonikosesha usingizi ni maneno ya binamu yangu, ambaye amepanda nguzo za stima miaka mingi. "Dada, sisi tukizima laini tunaamini imekufa. Inveta mbovu ikiendelea kusukuma, ninayeshika waya ni mimi." Akanieleza kwamba umeme huo ukirudi kinyume hadi kwenye transfoma, unakuzwa na kufika juu kwenye laini kubwa. Tangu siku hiyo sioni kibali kama usumbufu.

Kwa hiyo anza na fundi, wala usianze na bei ya paneli. Hapa Kenya leseni za mafundi wa sola hutolewa na EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli, kwa madaraja: T1 ni ya mifumo midogo, taa na kuchaji simu, T2 inapanda kidogo, na mfumo unaoungana na stima ya Kenya Power, wenye betri au usio nazo, unataka T3. Mwambie akuonyeshe leseni, soma jina na tarehe ya mwisho, kisha ulinganishe na orodha iliyo kwenye tovuti ya EPRA. Yule wangu alikuwa na T1. Sikuwahi kumuuliza.

Akikujia mtu anataka pesa za "leseni ya kuzalisha umeme", mkatalie. Sheria ya Kawi ya 2019 haimtaki leseni hiyo anayezalisha kwa matumizi yake mwenyewe hadi megawati 1, na nyumba zetu haziikaribii hata kidogo.

Ukitaka ziada yako iingie kwenye laini kihalali, kuna kanuni za mwaka 2024. Unaomba kwa kampuni ya umeme, wanakagua, mnatia saini mkataba, unawekewa mita ya njia mbili. Piga hesabu vizuri kwanza: unarudishiwa nusu tu ya uniti ulizotoa, tena kama punguzo la bili, hakuna pesa mkononi. Kwa familia inayotumia umeme zaidi usiku, naona betri kubwa ina faida kuliko hiyo nusu. Mimi niliamua nisitoe kitu nje.

Fundi wa pili, mwenye T3, alichora kwanza mchoro wa nyaya ndipo akagusa bisibisi. Mchoro huo, karatasi za inveta na nakala ya leseni yake ninazo kwenye faili moja kabatini.

Siku ya kukabidhiwa kazi, usilipe salio kabla ya jaribio hili. Fundi azime swichi kuu jua likiwa kali, kisha apime kwa mita yake waya zinazotoka kwenye inveta kwenda kwenye swichi hiyo, upande wa nyumba. Zisome sifuri ndani ya sekunde chache, hata kama friji ndani inaendelea kunguruma kwa betri. Mwambie azime na kupima mara ya pili, na wewe uione hiyo sifuri kwa macho yako.