Nilivyofufua mashine kuukuu ya kukaushia nguo kwa spea za mashine nyingine

Mashine nilipewa bure. Rangi ya bati la chini ilikuwa imevimba na kubanduka, na ukiizungusha dramu kwa mkono ilikwaruza hadi meno yanasisimka. Nikaipenda hivyohivyo. Hizi za zamani zina bati nene na swichi za kuzungusha kwa mkono, hazina bodi ya kompyuta, kwa hiyo ubovu wake unaufuata waya kwa waya mpaka unaukuta. Baadaye nikapata ya pili, aina ileile, bati lake la nje limeoza kabisa lakini ndani bado ina uhai.

Ukipata mashine ya namna hii, anza kwa kuchokoa kutu kwa ncha ya bisibisi. Ncha ikiteleza na kuacha mkwaruzo unaong'aa, hiyo ni kutu ya juu, itatoka kwa brashi ya waya na msasa. Ikizama, bati limeshaliwa, na rangi haitalirudisha. Msasa tumia wa maji na uvae barakoa, maana rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ukikuta ubao au kitambaa cha kijivu chenye nyuzinyuzi karibu na koili ya joto, usikikwangue wala kukivunja. Huenda ni asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Dramu ipime kwa kitambaa cheupe kilichoroweshwa na kukamuliwa. Changu kilitoka na mstari wa kahawia kutoka kwenye mshono wa nyuma. Nilishauriwa nipake rangi. Nilikataa, nawe kataa: mle ndani kuna joto, unyevu, na zipu zinazogonga muda wote. Rangi ya kawaida itabanduka na kuishia kwenye mashati. Nikahamisha dramu ya mashine ya pili, baada ya kupima kipenyo, kina na ekseli.

Mota ndiyo iliyonisumbua. Ya asili beringi zake zilikuwa zimekwama, nikafunga ya mashine ya pili. Matundu ya bolti yalilingana, volti na hezi zilizoandikwa kwenye kibati chake zilikuwa zilezile. Dramu ikazunguka vizuri, nikafurahi sana. Dakika 40 baadaye nguo bado mbichi, bati la juu halishikiki, kisha joto likakatika lenyewe. Nikashika kipande cha karatasi laini kwenye mdomo wa bomba la kutolea hewa. Kilitikisika kidogo tu, wakati kilipaswa kupeperuka. Mota ilikuwa inazunguka kinyume! Dramu haijali inazunguka upande gani, lakini feni imefungwa kwenye ekseli ya mota hiyohiyo, na ikizunguka kinyume hewa inayosukuma ni kidogo mno. Kwa bahati, nyaya za koili ya kuwashia, ile inayoipa mota msukumo wa kuanza, zilikuwa zinafikika, nikazibadilishana nafasi. Kama huwezi kusoma mchoro wa mota, mpelekee fundi wa mota. Na kabla ya kugusa chochote chomoa plagi, kisha hakikisha kapasita haina chaji, kwa sababu huendelea kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa.

Koili ya joto niliichagua kwa hesabu. Volti zidisha kwa volti, gawanya kwa wati, unapata om, yaani ukinzani wa koili. Ya kwangu ya wati 2000 kwa volti 230 inapaswa kusoma om 26 hivi, na ikasoma hivyo. Ya mashine ya pili ilisoma 21, yaani wati 2500. Inatamanisha, kwani joto zaidi ni nguo kukauka mapema. Lakini nyaya, feni na themostati vilitengenezwa kwa ajili ya 2000. Nikabaki na ya zamani, nikasafisha vichwa vyake tu.

Kuna vitu sitoi kwenye mashine nyingine hata vikiwa vinang'aa: mkanda wa kuzungushia dramu, na fyuzi ya joto, ile inayokata umeme joto likizidi. Hivyo nunua vipya, na fyuzi iwe ya kiwango kilekile cha joto. Nimeshafungua mashine ambayo fyuzi hiyo ilirukwa kwa kipande cha waya, na nyuzi za nguo nyuma ya dramu zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Nakuomba usifanye hivyo kamwe, hata kwa siku moja ya kujaribu.

Jambo ambalo wengi husahau baada ya kupaka rangi ni waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Rangi huzuia umeme. Kwangua pale bolti ya ethi inapokaa mpaka uone chuma kitupu, funga, kisha pima kutoka kwenye pini ya ethi ya plagi hadi kwenye bati la mashine. Yangu ilisoma chini ya om 1, ndipo nikaichomeka.

Niliiendesha tupu kwanza, mlango wa chumba wazi, mpaka harufu ya rangi ikaisha. Kisha nikatia shuka jeupe lililolowa. Lilitoka kavu, nikalikagua pindo kwa pindo dirishani, halikuwa na doa.